Gari lako limegongwa likiwa limeegeshwa na bima imekataa kulipa: aliyekataa ni mdaiwa, si hakimu

Siku hizi kampuni nyingi za bima hupokea madai kwa simu ya mkononi. Unapiga picha nne tano za bampa lililopasuka, unazipakia kwenye programu, unajaza tarehe na mahali, na jibu linaweza kuingia kabla hujamaliza kuokota vipande vya taa. Jibu likiwa la kulipa, hakuna anayelalamika. Likiwa la kukataa, mjadala unaozuka ni uleule: kuna wanaosema mashine imeanza kuamua haki za watu, na kuna wanaosema bima ni wizi tangu enzi na enzi, sasa umeongezewa kasi tu. Kwa mtu ambaye gari lake lilikuwa limeegeshwa, injini imezimwa, yeye mwenyewe yuko kazini au amelala, naona pande zote mbili zinampoteza njia. Kilichobadilika ni kasi ya jibu. Anayejibu ni yuleyule wa zamani, na nafasi yake kisheria ni ileile. Kampuni ya bima ya aliyekugonga haijakaa kwenye kiti cha hakimu. Imekaa upande wa anayedaiwa, na fedha zitakazotoka ni zake. Barua yake ya kukataa ni kauli ya mdaiwa anayesema hadaiwi, na ijibiwe hivyo.

Chanzo cha mkanganyiko ni mkataba. Bima ya gari ni makubaliano ya pande mbili, anayelipa ada na kampuni inayoipokea. Wewe uliyegongwa humo hutajwi, ndiyo maana ukaitwa mtu wa tatu. Deni la kutengeneza gari lako ni la dereva aliyeligonga. Kampuni imemwahidi mteja wake kwamba deni la namna hiyo likithibitika, na masharti yakiwa yametimizwa, italibeba. Kwa hiyo kila dai la aina hii lina maswali mawili ndani yake: je, dereva anadaiwa? Na je, kampuni iliahidi kumbebea deni hilo? Barua nyingi za kukataa huyachanganya, wakati mwingine kwa uzembe, wakati mwingine kwa kujua wanachofanya. Msomaji aliyekasirika akiona "hatutalipa" anadhani maswali yote mawili yamejibiwa hapana, kumbe limejibiwa la pili peke yake. Dereva ambaye bima yake iliisha jana usiku bado ameubonyeza mlango wako, na bado ni wake kuutengeneza.

Historia nayo inaeleza mengi. Uingereza ililazimisha bima ya magari kwa sheria ya mwaka 1930, lakini lazima ile ilihusu vifo na majeraha. Uharibifu wa mali haukuwa sehemu ya bima ya lazima hadi mwisho wa mwaka 1988, yaani zaidi ya nusu karne baadaye. Nchi kadhaa zilizochota sheria zao kutoka huko zimebaki na umbo la mwanzo: bima ya lazima inalinda mwili wa binadamu, na mlango wa gari lako unalindwa na mkataba tu, kama mteja alinunua ulinzi huo. Tofauti hii si ya wasomi peke yao. Pale mali ilipoingizwa kwenye bima ya lazima, kampuni huwa haina ruhusa kubwa ya kumwadhibu mtu wa tatu kwa makosa ya mteja wake. Sheria ya Uingereza ya 1988, kwa mfano, inailazimisha kampuni kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake hata pale ambapo ingeweza kumnyima mteja huyo mwenyewe, mradi imepewa taarifa ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 7 baada ya kufunguliwa. Pale ambapo ulinzi wa mali ni wa mkataba mtupu, uzembe wa mteja unaweza kukuumiza wewe. Kabla ya kubishana na yeyote, jua uko kwenye utaratibu upi.

Kisha isome barua. Nyingi zina aya mbili za pole na sentensi moja inayofanya kazi, itafute hiyo. "Mteja wetu hajawasilisha taarifa ya ajali" haisemi kwamba hukugongwa, inasema mteja hajafungua mdomo. Madereva wengi hunyamaza kwa hesabu zao: wanaogopa kupoteza punguzo la miaka isiyo na madai, au gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi na siku hiyo lilikuwa likibeba abiria wa kulipa. Dawa ya ukimya huo ni kumwandikia dereva mwenyewe, kwa jina lake, ukimweleza kwamba unamdai yeye na kwamba bima yake akiikalia kimya, deni halihami. "Mteja wetu amekana kuhusika" ni jambo jingine, hapo kuna ubishi wa ukweli na ushahidi ndio utakaoamua. "Uharibifu ulikuwepo kabla" na "uharibifu hauwiani na maelezo" ni madai ya kitaalamu, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema, kwa kudhani mtaalamu ameshasema.

Nilishapata barua ya namna hiyo. Mlango wangu wa nyuma wa kushoto ulibonyea gari likiwa limeegeshwa, aliyegonga akaacha namba yake kwa uungwana kabisa, na baada ya muda kampuni yake ikaniandikia kwamba uharibifu hauwiani na maelezo ya mteja wao. Basi, nukta. Niliomba maelezo hayo kwa maandishi, yakachukua wiki tatu kufika. Yule bwana alikuwa ameandika kwamba aligusa mlango wa kulia. Hakudanganya. Alipokuwa akijaza fomu alikumbuka alivyosimama mbele ya gari langu akilitazama, na kwa mtu aliyesimama hapo, kushoto kwa gari ni kuliani kwake. Dai zima lilikuwa limekwama kwenye neno moja ambalo hakuna mtu wala mashine aliyejisumbua kulihoji.

Hoja za urefu nazo zinastahili kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Mkadiriaji hasara hushika futi, akapima kutoka ardhini hadi kwenye mbonyeo, akapima bampa la gari lililogonga, akakuta tofauti ya sentimita kadhaa na kuandika kwamba havilingani. Magari hayo yamepimwa yakiwa yametulia. Wakati wa kugonga, gari linalofunga breki huinamisha pua, na linalorudi rivasi likafunga breki ghafla huinamisha mkia. Abiria wanne na mzigo kwenye buti hulishusha, matairi yaliyopungua upepo hali kadhalika. Tofauti ndogo ya urefu peke yake haithibitishi kitu. Kuhusu uharibifu wa zamani, chuma kilichochubuliwa leo hung'aa, na kutu ya kahawia huhitaji muda na unyevu, kwa hiyo picha iliyopigwa siku ileile ina thamani ambayo ya wiki ijayo haina. Bampa la plastiki halishiki kutu, hapo hutazamwa uchafu na vumbi vilivyojaa ndani ya mkwaruzo. Na picha yenye nguvu kuliko zote mara nyingi si ya gari lako. Ni ya gari lake, kwa sababu magari yanapokwaruzana huachiana rangi, na yeye atapita kwa fundi kuing'arisha kona yake mapema kuliko unavyofikiri.

Kampuni nazo zina upande wao, na si upande wa kubezwa. Zinapokea madai ya uongo: makovu ya mwaka juzi yanayotafutiwa mlipaji, ajali zilizopangwa na marafiki wawili, fundi anayeongeza fenda ambayo haikuguswa. Gari lililoegeshwa bila shahidi ni uwanja mzuri wa mchezo huo, kwa kuwa hakuna aliyeona. Tena kampuni ina wajibu kwa mteja wake, ambaye hatafurahi kusikia imemkiria kosa alilolikana na kumpandishia ada mwaka unaofuata. Kila senti inayolipwa pasipostahili hutoka kwenye mfuko wa wanaolipa ada, wakiwemo wanaoegesha vizuri na kugongwa. Haya yote nayakubali. Yanaipa kampuni sababu ya kuuliza maswali, kutuma mkaguzi, kudai uthibitisho. Hayaipi sababu ya kusema "mteja amekana, jalada limefungwa", kana kwamba kukana kwa mwenye maslahi ni ushahidi unaojitosheleza. Ukimkopesha mtu, akakana deni, hukubali tu kwa kuwa kaka yake mkubwa amemuunga mkono.

Upande wetu tulioegesha nao una hoja dhaifu tunayoipenda mno: gari lililosimama haliwezi kuwa na kosa kamwe, kwa hiyo lazima walipe. Nusu yake ni kweli. Katika sheria zenye asili ya Kiingereza kuna kanuni inayojulikana tangu kesi ya mwaka 1863, pale pipa la unga lilipodondoka kutoka dirisha la ghala mjini Liverpool na kumwangukia mpita njia. Mpita njia hakuweza kusema nani alifanya nini kule juu, na majaji wakaona hakuwa na haja: mapipa hayadondoki yenyewe madirishani bila uzembe wa mtu. Gari linalotembea likigonga lililoegeshwa, mantiki ni ileile. Tukio linajieleza, na aliyekuwa nyuma ya usukani ndiye wa kutoa maelezo. Lakini kanuni hiyo inakusaidia kuonyesha uzembe. Haikuthibitishii kwamba gari lililogonga ni lile unalolitaja, na ubishi mwingi uko hapo. Pia kuegesha kuna namna zake. Jimbo la Michigan nchini Marekani, ambalo tangu 1973 lina utaratibu wa bima usiotafuta mwenye kosa, lina bima ya mali inayolipa magari yaliyoegeshwa, lakini kwa sharti kwamba gari liwe limeegeshwa namna isiyoleta hatari isiyo ya lazima. Hata mahali ambapo hawatafuti mkosaji, wanaangalia ulipoegesha. Gari lililoachwa gizani kwenye kona, mkia ukiwa barabarani, linaweza kukatwa sehemu ya fidia kwa kuchangia ajali. Kukatwa sehemu, lakini: kampuni inayotumia kosa dogo la kuegesha kukataa dai lote kwa kawaida imevuka mpaka, kwa sababu katika sheria nyingi za leo kuchangia hupunguza fidia, hakuifuti. Yapo maeneo machache, yakiwemo baadhi ya majimbo ya Marekani, yanayoshikilia kanuni ya zamani kwamba ukichangia hata kidogo umekosa vyote. Huko, piga picha ya mstari wa maegesho kabla ya ile ya bampa.

Kuna ushauri mwingine unaotolewa haraka: tumia bima yako mwenyewe, achana nao. Kwa mwenye bima kubwa huu mara nyingi ni ushauri mzuri. Kampuni yako ina mkataba na wewe, italipa bila kusubiri mwenzake akiri, kisha itachukua nafasi yako na kumdai aliyegonga. Utabeba kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema ni chako, na punguzo lako linaweza kuyumba hadi fedha zirudi. Kwa mwenye bima ya mtu wa tatu peke yake, ushauri huo hauna maana yoyote, kwa kuwa bima yake hulipa magari ya wengine. Na ndani yake kuna shimo ambalo watu wema huingia bila kuliona. Aliyekugonga anakupa fedha kidogo mkononi, mnaandikiana kikaratasi cha "tumemalizana", halafu fundi anafungua bampa na kukuta mengine. Ukirudi kwa kampuni yako, inaweza kukukatalia kihalali: kwa kusaini, umeiuzia mbali haki ambayo ingeirithi kutoka kwako.

Kampuni yako mwenyewe ikikukatalia, usitumie silaha zilezile, maana hapa wewe ni mteja. Sababu inayopendwa ni kwamba ulificha jambo wakati wa kukata bima: mahali gari linapolala, nani mwingine huliendesha. Msingi wake ni wajibu wa uaminifu wa hali ya juu, na watu wa bima hupenda kuutaja kwa kesi ya Carter na Boehm ya mwaka 1766. Wanachosahau kutaja ni matokeo. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra, aliyekata bima dhidi ya ngome kutekwa, Wafaransa wakaiteka, Boehm, aliyeitoa bima hiyo, akagoma kulipa kwa madai ya kufichwa habari. Jaji Mansfield aliutangaza wajibu ule, kisha akampa Carter ushindi, kwa kuwa Boehm alijua au angeweza kujua hali ilivyokuwa. Uingereza kwenyewe, kwa wateja wa kawaida, sheria ya 2012 iliondoa wajibu wa kujitolea kueleza kila kitu na kubakiza wa kutotoa taarifa zisizo sahihi: uliulizwa nini, na ulijibu kwa uangalifu gani? Ukikataliwa na kampuni yako, omba nakala ya fomu uliyojaza na utazame kama swali hilo liliulizwa kabisa.

Tofauti hii ya mteja na mtu wa tatu ndiyo inayowapotezea watu miezi. Wanaandika malalamiko kwa ofisi za usuluhishi wa bima, wanasubiri, kisha wanajibiwa kwamba hawana sifa. Nchini Uingereza, kwa mfano, msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha husikiliza wateja dhidi ya kampuni zao; aliyegongwa na mteja wa kampuni nyingine kwa kawaida hana mlango huo. Mlango wake ni mahakama, dhidi ya dereva. Na muda wa kisheria wa kufungua dai kwa kawaida hausimami kwa sababu mnaandikiana barua za heshima. Ulaya wamejaribu kupunguza pengo hili kwa njia ninayoiona bora kuliko kelele za kupinga programu za simu. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwa ajali zinazompata mtu nje ya nchi yake, na mwaka 2005 likapanuliwa kwa ajali zote za magari: ndani ya miezi 3 kampuni itoe ofa yenye sababu au, kama inabisha, jibu lenye sababu kwa kila hoja iliyodaiwa. Aliyegongwa akapewa pia haki ya kuidai kampuni moja kwa moja. Sharti la kutoa sababu linabana sawasawa karani na mashine. Programu inayokataa kwa sekunde kumi iseme imekataa kwa msingi upi, kwa picha ipi, na kwa maelezo gani ya mteja wake. Ikishindwa, kasi yake haimfai mtu yeyote isipokuwa mwenye fedha.

Mashine hizi zina udhaifu wa pili, ambao huonekana pale dai linapokataliwa nusu, yaani linapolipwa pungufu. Picha huona ngozi ya gari. Bampa la plastiki likipigwa hujikunja na kurudi karibu lilivyokuwa, huku chuma cha nyuma yake kimepinda na vihisi vya kuegeshea vimehama pembe. Makadirio ya picha yatasema rangi na kung'arisha; fundi akifungua atasema mengine. Ndiyo maana gari lisitengenezwe kabla ya kukaguliwa, vipande vilivyotolewa visitupwe, na makadirio ya kwanza yasichukuliwe kuwa bei.

Katika kesi ndogo za aina hii, jambo linaloamsha kampuni mara nyingi ni dereva. Anapopokea hati ya mahakama yenye jina lake, yeye ndiye anayeipigia simu bima yake, na safari hii anapiga kama mteja anayedai alichokilipia ada. Jalada lililokuwa limefungwa linafunguliwa. Ofa inakuja, na pamoja nayo fomu ya kusaini yenye maneno kama "malipo ya mwisho na kamili". Kabla ya kalamu, tazama kama kiasi kimehesabu siku ulizokaa bila gari, kushuka kwa thamani ya gari lililonyooshwa bodi, na kile fundi alichokikuta baada ya kufungua. Kama fundi hajafungua bado, waandikie kwamba utasaini akishafungua.